Kitabu cha Mchungaji Bramwel

DAMA: Haloo, nani mwenzangu? Nambari hii siijui.

CAROLYNE: Dada Dama, Bwana asifiwe. Ni mimi, Carolyne.

DAMA: Mama Mchungaji.

CAROLYNE: Tafadhali usikate. Simu yangu Bramwel huipekua, hii nimeazima kwa dada wa mapokezi. Niko huku hotelini Shanzu, tunapanga ukumbi wa kesho. Hujambo lakini?

DAMA: Sijambo. Amekutuma?

CAROLYNE: Nani?

DAMA: Mumeo. Kasikia nakuja kwenye uzinduzi wa kitabu chake, akakwambia unibembeleze. Mwambie nakuja.

CAROLYNE: Dada, mimi—

DAMA: Ngoja nimalize, maana kanisani kwenu sikupewa nafasi. Mie nilikwenda Ganze kumzika shangazi yangu. Huku nyuma mumeo akapanda madhabahuni, akawaambia watu kwamba kikundi chetu cha wasomaji kimeingiza mapepo. Mashairi ya Waislamu, habari za kaya, ile misitu wanakotambikia wazee wetu, riwaya za watu wasiomjua Mungu. Akaagiza mafuta ya taa. Rafu nzima, Carolyne, vitabu nilivyokusanya tangu usichana wangu, vikachomwa nyuma ya vyoo na kwaya ikiimba. Niliporudi nikakuta kuku wanaoga kwenye jivu.

CAROLYNE: Nilikuwapo.

DAMA: Najua. Uliimba?

CAROLYNE: [Mtandao unakwaruza] ...inakatika, sikusikii vi—

DAMA: Nimeuliza, uliimba?

CAROLYNE: Niliimba.

DAMA: Haya. Nikamwendea ofisini kwa adabu zangu zote. Nikamweleza kwamba subira ya Ayubu niliielewa vizuri zaidi baada ya kusoma tenzi za jirani zangu Waislamu. Kwamba babu yangu alikuwa akimwita Mulungu, na Mulungu akiitika, kabla misheni haijajengwa hapa Frere Town. Nikamwuliza katika vile vitabu amesoma kipi. Akanijibu kwamba sumu haionjwi. Jumapili iliyofuata akanitenga na meza ya Bwana, mbele ya watoto wangu.

CAROLYNE: Nyumbani pia huongea hivyo hivyo.

DAMA: Basi sasa kaandika kitabu, yeye. Binti yangu Nyamvula akaninunulia nakala pale kanisani. Nikasoma taratibu mpaka pale anaposimulia mamake akimlilia mtoto aliyekufa, anakataa kula, anamkaripia Mungu usiku kucha. Nikasimama wima, maana maneno yale nayajua. Yametoka kwenye ile riwaya yangu ya jalada la kijani. Kabadilisha jina la kijiji tu. Kaiba kwanza, ndipo akachoma. Nimezunguka kwa wauza vitabu vya mtumba mpaka nikapata nakala nyingine Changamwe. Kesho wakifungua maswali nitasimama mbele ya askofu na wageni wake, nisome hiki, kisha nisome kile. Nataka nimwone uso.

CAROLYNE: Hakuiba.

DAMA: Mtetee tu.

CAROLYNE: Simtetei. Ataiba vipi kitu hajawahi kusoma? Wewe si ulimwuliza? Katika vile vitabu hakusoma hata kimoja. Hata hiki chake hajakisoma. Alikuwa anatembeatembea sebuleni akiongea, mimi naandika kwa kompyuta. Hatujafika katikati akachoka, akaniambia malizia, si maisha yangu unayajua. Nikamalizia.

DAMA: [Kurasa zinapekuliwa]

CAROLYNE: Dada, uko?

DAMA: Nipo. Kumbe ni wewe.

CAROLYNE: Ni mimi.

DAMA: Ulikosa la kuandika?

CAROLYNE: Unakumbuka siku uliyonipa ile riwaya? Baada ya Ronny wangu?

DAMA: Nakumbuka.

CAROLYNE: Udongo wa kaburi haujakauka, nikasimamishwa kanisani nitoe ushuhuda. Bramwel alisema mke wa mchungaji akilia, watu watadhani hatuamini ufufuo. Akatoa picha za mtoto ukutani. Nguo zake akagawa. Watu walikuja kuniombea wakaenda. Wewe uliniwekea kitabu mapajani, hukusema neno. Nilikisoma bafuni, nimefungulia maji nisisikike. Yule mama alikuwa anasema yote, dada. Nilizirudia zile kurasa mpaka nikawa nazisema bila kufungua kitabu. Halafu nikasimama nyuma ya vyoo nikakiangalia kikiungua. Naimba.

DAMA: Carolyne, sikujua—

CAROLYNE: Wacha nimalize, salio ni la mwenyewe. Nikaziweka zote kwenye kitabu chake, hakuna neno niliruka. Picha yake iko kwenye jalada. Kila nakala anaiwekea mikono na kuiombea kabla haijauzwa. Hapo ndipo napata usingizi, nikimwona anaombea zile kurasa. Na hapa Mombasa nilijua kuna mtu mmoja tu atakayezitambua.

DAMA: Ulikuwa ukiningoja mie.

CAROLYNE: Tangu kitoke. Nyamvula aliponunua nikajua ni chako, kwa sababu yeye hasomi.

DAMA: Na nikisimama kesho, si atajua papo hapo nani aliandika? Utalala wapi?

CAROLYNE: Kwa dada yangu Cheryl, Likoni. Nguo zangu zimeshavuka feri.

DAMA: Mie mwenyewe nimemwombea mumeo mabaya, nikamwambia Mungu tutasameheana baadaye. Lakini hili lako linanitisha, mdogo wangu. Kitabu kilichokufundisha kulia umekigeuza mtego.

CAROLYNE: Yeye alikigeuza nini?

DAMA: Kuni.

CAROLYNE: Basi.

DAMA: [Mtandao unakwaruza]

CAROLYNE: Dada, kama hutaki, sema tu. Nitakaa nimpigie makofi kama kawaida. Nimezoea.

DAMA: Askofu atakuwapo mpaka mwisho?

CAROLYNE: Mpaka chakula.

DAMA: Basi nakuja. Nitaanza kwa kumwuliza mamake alilia kwa lugha gani.

CAROLYNE: [Anacheka kidogo, anaacha ghafla] Anapanda ngazi, namsikia. Dada, jambo moja. Usisome haraka kama unamshtaki. Soma polepole, kurasa zote, usiruke. Nitakuwa kiti cha mbele, na safari hii nitalia mbele yake na mbele ya watu wote.

DAMA: Nitasoma polepole.

CAROLYNE: Sawa. Kwaheri, kwah— Ndiyo, Pasta? Hapana, ni mtu wa viti. Nimemwambia asichelewe.

[Simu inakatika]