Daraja la Pili

Basi lilikuwa likijikokota kwenye barabara kuu, kwa mwendo ambao hata kobe angelipigia honi. Mshonaji aliyekaa nyuma akatega sikio. Mbele yake mtafiti wa barabara alikuwa akijigamba kwa mama mmoja: "Siku hizi hatuhesabu magari tu, mama. Tunapima hata muda ambao dereva anacheleweshwa. Barabara hii imepanda, sasa ni daraja la pili."

"Daraja ndilo tuliloomba, mwanangu. La kuvukia kwa miguu. Mume wangu aligongwa hapo mbele akivuka."

"Pole, mama. Mimi nasema daraja la ubora."

"Nimekuelewa. Yeye kwenye kipimo chenu aliingia wapi?"

Mtafiti akakohoa. "Kwenye muda wa madereva kuchelewa."

Angalau hakudanganya, mshonaji akawaza.

Basi likasimama. Mama akashuka, akabaki ukingoni mwa barabara ya daraja la pili, akingoja magari yaishe.