Kilichonivunja Mgongo

Wapendwa, mniwie radhi, nitasema nikiwa nimekaa. Si kiburi. Nikisimama sana mgongo huanza kunidai, na leo sitaki unikatize. Nimekuja kuwaeleza kilichouvunja. Wengi wenu mlisikia hadithi nyingine, na kwa sababu ya hadithi hiyo mwanamke mmoja wa ukoo wetu alifukuzwa nyumbani kwake. Sitamtaja jina, wala sitamtaja mtu mwingine yeyote. Wanaojua wanajua.

Mimi ni kifungua mimba. Baba alitangulia, Mama akamfuata nikiwa darasa la saba. Nyuma yangu kulikuwa na msichana, na nyuma yake mvulana aliyekuwa bado anatambaa. Kabla Mama hajakata roho, alifungua uzi aliokuwa akiuvaa kiunoni. Ulikuwa na senti za zamani, zile nene zenye tundu katikati, ambazo naye aliachiwa na mama yake. Akanifunga mimi, chini ya nguo. Akaniambia, "Usiuvue mpaka huyu mdogo ajilishe mwenyewe."

Baada ya mazishi watu wazima walikaa kutugawa. Mmoja aende Nangina, mmoja Khunyangu, na mtoto avushwe mpaka, akalelewe Uganda. Nikasema hapana, tutakaa pamoja. Shangazi akacheka. "Pamoja, mtakula nini? Mawe?" Nikaacha shule, nikaenda Malaba, mpakani, kutafuta kazi.

Nyote mnazijua gesti zilizo karibu na foleni ya malori. Nilifua mashuka katika moja yake kwa miaka. Dereva analala saa chache, anaondoka, shuka linarudi kwangu likiwa na grisi. Sabuni kali, vumbi na moshi wa malori vikanipa pumu. Nilikuwa nikinunua vidonge vidogo katika duka la dawa, nikimeza kila kifua kilipobana, na kifua kilibana karibu kila siku. Hakuna aliyeniambia kwamba vidonge vile, ukivizoea, vinakula mifupa. Vilinipa pumzi, nami nilihitaji pumzi ili nifue.

Hivyo ndivyo mdogo wangu wa kike alivyosoma mpaka akawa mpiga picha za eksrei. Hivyo ndivyo kitinda mimba wetu alivyoingia chuo cha ufundi wa umeme.

Kisha mgongo ukaanza kuuma. Daktari aliposikia kuhusu vidonge, akashtuka. Akanituma mji mwingine kwenye kituo chenye mashine ya kupima uzito wa mfupa, yaani kuona kama mfupa umejaa au umekuwa kama mti ulioliwa na mchwa. Nilienda na leso yangu. Kijana aliyekuwa kwenye mashine alikuwa mpole, ila watu walikuwa wengi na stima ilikuwa imepotea asubuhi yote.

"Panda hapo, mama. Lala chali. Usitikisike."

Nikalala nilivyokuja. Hakuniuliza nimevaa nini, nami sikuwa na sababu ya kumwambia. Ndugu zangu, uzi ule nilikuwa nimeuvaa tangu utotoni. Je, wewe humwambia daktari kwamba una kitovu?

Akapima mgongo tu. Karatasi ilipotoka akatabasamu. "Mama, wewe ungecheza mpira. Mifupa yako imeshiba!" Daktari wangu akasoma majibu yale, akaridhika, akanipa dawa ya maumivu tu. Nikarudi kwenye karai langu nikiwa na furaha.

Haikupita miezi mingi. Asubuhi moja niliinama, nikainua karai la mashuka mabichi, nikasikia kitu ndani yangu kikikatika kama muwa. Nilianguka juu ya mashuka. Sikuweza hata kulia, maana kulia kunatikisa mgongo.

Nawaambia ukweli, sitawapamba. Nililala chali nikihesabu misumari ya paa. Nilivalishwa nepi kama mtoto. Mwenye gesti alituma watu kuniuguza siku ya kwanza, siku ya pili akatuma habari kwamba amepata mwingine. Kitinda mimba akarudi kutoka chuoni na godoro lake begani. Nikamwambia arudi. Akasema, "Nikirudi, nani atakugeuza?"

Ndipo shangazi akaja, akakaa mlangoni, akasema neno ambalo liliharibu kila kitu. "Mashine ya wazungu imesema mifupa yake imeshiba. Sasa mfupa ulioshiba unavunjwa na nini? Na shuka? Huu ni mkono wa mtu."

Macho yakaanza kutafuta mkono. Yakatua kwa mke wa baba yetu mdogo, kwa sababu yeye hakuzaa, na kwa sababu wiki ile alikuwa ameniletea uji. Aliapa mbele ya wote. Alisema, "Huyu mtoto nimempikia uji tangu mama yake afe. Nimloge leo kwa faida gani?" Wakapiga kelele. Mimi nikasema pale kitandani, mwacheni. Shangazi akanigeukia: "Haya, basi wewe tuambie kilichokuvunja!"

Wapendwa, sikujua. Ningejua, ningesema hata kama sauti ingenimaliza. Jioni ile mama yule aliondoka na mkoba mmoja, akarudi kwa ndugu zake upande wa pili wa mpaka. Mumewe hakumsindikiza.

Mdogo wangu wa kike akachukua likizo akaja kuniuguza. Alikuwa anajiandaa kwa mtihani. Ninyi mnaweza kudhani kwamba mtu akishajua kupiga eksrei, amemaliza. Yeye alinieleza kwamba kupima uzito wa mfupa ni kazi yenye masomo yake. Kuna cheti cha anayeendesha mashine, na kuna cheti cha daktari anayesoma majibu. Hata ukikipata hakidumu milele, muda ukiisha unathibitisha tena kwamba bado unajua. Hospitali yake ilikuwa inaletewa mashine hiyo, naye akakataa kuigusa bila cheti. Wenzake walimtania, "Wewe unasomea kubonyeza kitufe?"

Kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, akanifanya mgonjwa wa mazoezi. Anaweka mto chini ya miguu yangu, anarekebisha nyonga, anasema kwa sauti ya kazini. Mimi najibu kama mgeni. Lilikuwa jambo pekee lililotuchekesha katika nyumba ile.

Siku moja akaanza hivi: "Karibu, mama. Umewahi kuvunjika mfupa?"

"Wewe huoni, daktari? Au ulidhani nimekuja kulala?"

"Jibu vizuri, bwana. Kuna dawa unazotumia?"

"Nilizimaliza zote dukani."

"Una chuma chochote mwilini? Zipu, sindiria, mkufu, kitu cha kiunoni?"

Nikasema kwa mzaha, "Nina senti za Mama. Nikupe chenji?"

Hakucheka. Akafunua blanketi. Akapitisha kidole kwenye uzi, senti moja hadi nyingine, mpaka nyuma, pale kwenye mgongo. Akaniuliza polepole, "Dada, siku ile ulipopimwa, ulikuwa nao?"

"Nimewahi kuwa bila?"

Akakaa chini sakafuni, akashika kichwa. Akasema, "Mashine haijui senti. Inaona kitu kizito juu ya mfupa, inakihesabu kuwa mfupa. Walipima senti za Mama."

Mngedhani kwamba nilifurahi. Aliposema lazima nipimwe upya na uzi uvuliwe, nilimkatalia. Nilimwambia akate kidole changu, asikate uzi. Mdogo wetu hajajilisha bado, yuko hapo nje ananifulia nepi, nami nimvunjie Mama neno?

Akapandisha sauti, yeye ambaye hajawahi kunipandishia sauti. "Mimi nikianguka mtihani nitarudia! Huo mgongo wako utaurudia wapi? Na yule mama aliyefukuzwa, tumwambie nini? Kwamba jibu lilikuwa chini ya blanketi, ukaogopa?"

Hilo la mwisho ndilo lililonishika. Nikamwita kitinda mimba, nikamwambia alete wembe, kwa sababu fundo la Mama lilikuwa limekaza na halikufunguka. Alikata yeye. Nilijisikia uchi kuliko siku zote nilizovalishwa nepi.

Nilipelekwa kwenye hospitali ya mbali nikiwa nimelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Aliyenipima alikuwa na cheti. Alinivalisha gauni la hospitali, akauliza yote ambayo dada alikuwa ameyafanyia mazoezi, akapima urefu wangu, akaruka pingili ya mgongo iliyovunjika, akapima na nyonga. Daktari aliyesoma majibu naye alikuwa amesomea kazi hiyo. Hakutabasamu. Aliniambia mifupa yangu ni ya bibi wa miaka mingi. Nami nilikuwa sijafika arobaini.

Nililia, nikashukuru, yote kwa pamoja. Nikaanzishiwa dawa ya mifupa, na ya kifua nikabadilishiwa ya kuvuta. Nilijifunza kukaa, kisha kusimama, kisha kutembea na fimbo. Kitinda mimba alirudi chuoni. Dada alianguka mtihani mara ya kwanza, kwa sababu ya usiku wa kunigeuza, akarudia, akapita. Mimi sitafua shuka tena maisha yangu, na nimepungua kimo, mnaona.

Kisha nilivuka mpaka kumtafuta mama yule. Nilimkuta anapepeta mtama. Nikamweleza yote, ya senti na ya mashine ya pili. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mashine ilisema, mkaamini. Mashine imesema tena, mmeamini. Mimi niliposema, nani aliamini?" Akaendelea kupepeta.

Nawashukuru mlionibeba kwa blanketi, mlionipikia, mliokaa nami bila kuniuliza nani ameniloga. Namshukuru dada yangu, aliyekubali kuitwa msomi wa kitufe. Fundisho langu ni hili. Ukitumwa kupimwa, uliza bila aibu: wewe unayenipima, umeisomea mashine hii? Kisha mwambie yote uliyoyavaa, hata yale ambayo mwili wako umeyasahau. Na jibu la mashine lisikufanye umfukuze mtu mlangoni kwako.

Mama yule hajarudi. Jumamosi naenda kwake tena, na safari hii shangazi amekubali kuja. Anayetaka kutusindikiza aje tuvuke pamoja. Tutaondoka mapema, kwa sababu mimi natembea polepole.