Mikono Mfukoni: Mzee Plasta Anaiacha Wodi ya Vifaranga

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwenzetu Mzee Plasta atavua aproni yake kwa mara ya mwisho na kustaafu rasmi. Jarida letu limeniomba mimi wa meza ya chanjo niandike wasifu wake, kwa kuwa meza yangu inatazamana na mlango wa wodi yake na hakuna alilofanya humo ambalo sikuliona au kulisikia. Sharti nililopewa ni nisitie chumvi. Nitajitahidi.

Kwa wageni watakaokuwa kwenye sherehe, wodi tunayoizungumzia ni chumba kidogo nyuma ya mashine za kutotolesha. Kina meza moja, beseni, maboksi ya joto yenye balbu zinazoning'inia kwa minyororo, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Vifaranga wanaoanguliwa na matatizo hupelekwa humo: waliopanuka miguu, waliojikunja vidole, ambao kitovu hakijafunga, walioziba nyuma kwa kinyesi kilichoganda, na wale ambao hawana nguvu hata ya kuinua shingo. Vituo vingi havina chumba cha namna hiyo. Hata sisi hatukuwa nacho. Tulikuwa na ndoo, na kifaranga mwenye kasoro alikuwa anaishia humo.

Mzee Plasta aliajiriwa kama mpakiaji wa trei za mayai. Alikuwa pande la mtu, na viganja vyake vilikuwa vipana kiasi kwamba msimamizi wa wakati ule alimtaka abebe trei moja moja, kwa usalama wa mayai. Msimu mmoja karatasi za kutandika zilikwisha na mtu akatandika magazeti kwenye trei za kuangulia. Gazeti linateleza. Vifaranga walitoka kwenye maganda wakajaribu kusimama, miguu ikaenda kila mmoja upande wake, na ndoo ikaanza kujaa. Mzee Plasta, aliyekuwa akipita na trei yake, alisimama, akatazama, akaweka trei chini, akaenda kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza.

Alikata plasta vipande vyembamba, akawafunga vifaranga miguu ili isipanuke. Wa kwanza alimfunga kwa kuibana mno, maskini akaanguka kifudifudi akachomeka mdomo kwenye maranda. Akalegeza. Akajaribu tena hadi miguu ikakaa chini ya mwili ilivyopaswa kukaa. Siku ya pili baadhi yao walikuwa wanatembea kwa hatua fupi fupi, wanakimbilia chakula. Kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwa kitupu, na mtunza stoo alikuja juu kama moto wa kifuu akiuliza yuko wapi huyo bwana plasta. Jina likabaki hapo hapo. Leo hata wajukuu zake wanamwita Babu Plasta, na nina hakika baadhi yenu mtalisikia jina lake halisi kwa mara ya kwanza siku ya sherehe.

Meneja wa zamani alimpa boksi moja na balbu moja, nadhani kwa nia ya kumnyamazisha. Boksi likazaa maboksi, na baada ya muda yakapata chumba. Daktari wetu wa mifugo alimwonyesha jinsi ya kupaka ayodini kitovuni na jinsi ya kulainisha uchafu wa nyuma kwa pamba na maji ya uvuguvugu badala ya kuubandua mkavu ukatoka na ngozi. Wawili hao wamegombana sana, na wamependana sana. Kwa muda mrefu Mzee Plasta aliamini mgonjwa anahitaji joto jingi, akawa anashusha balbu karibu kabisa na migongo ya vifaranga. Daktari alikuta wamejibanza pembezoni, midomo wazi, mabawa yametanda, akaipandisha balbu. Mzee wetu alinuna mchana kutwa. Kesho yake tuliona amechora alama ya chaki kwenye kila mnyororo, pale pale daktari alipoishia.

Siwezi kuacha kisa cha kifaranga wa ukutani. Sikio la Mzee Plasta linajulikana: anatambua kilio cha baridi, cha njaa na cha maumivu akiwa amegeuza mgongo. Asubuhi moja alisimamisha kazi kituo kizima, akidai kuna kifaranga anayelia nyuma ya ukuta na kwamba yuko taabani. Tulipiga magoti, tukasogeza makabati, Meneja mwenyewe akalala sakafuni na tai yake. Kumbe ilikuwa simu ya mtunza stoo, iliyosahaulika kwenye koti, na mkewe alikuwa anapiga tena na tena kwa hasira. Mtunza stoo alibadilisha mlio siku hiyo hiyo. Mzee Plasta hadi leo anashikilia kwamba aliyekuwa analia kweli alikuwa taabani.

Sasa niseme kuhusu mifuko. Kifaranga akishatoboa ganda hulala kimya saa nyingi, na asiyejua hudhani amekwama. Kumbe bado anamalizia kufyonza kiini, na mishipa ya damu kwenye utando bado inafanya kazi. Ukimbandulia ganda kabla ya wakati, anavujia damu kiganjani mwako. Mzee Plasta aliyaona hayo kwa mkono wake mwenyewe mwanzoni mwa kazi, akarudi nyumbani hana raha. Mkewe ni fundi cherehani, na kituo kizima kinamwita Shemeji, hata Meneja ambaye hana undugu naye wa karibu wala wa mbali. Shemeji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaichukua aproni yake akaishonea mifuko miwili mikubwa mbele, akamwambia mikono ikimwasha aitie humo.

Daktari alikataa. Mifuko hubeba makombo na vumbi, na vumbi hubeba magonjwa, haiwezi kuingia chumba cha mashine. Shemeji hakubishana naye. Alifumua mshono wa chini, mifuko ikabaki haina kitako. Mkono unakaa, kitu kingine chochote kinapita moja kwa moja hadi sakafuni. Daktari alicheka akashika mbavu, akaruhusu. Tangu hapo aproni ya kila mwajiriwa mpya hupita kwanza kwenye cherehani ya Shemeji, na kila mwajiriwa mpya huangusha simu yake angalau mara moja. "Mikono mfukoni!" ni amri tunayoijua sote kuliko kanuni zilizobandikwa ukutani.

Mwenzetu tunayemwita Haraka aliijua kwa uchungu. Alitoka meza ya kupanga vifaranga, ambako vidole vyake vilikuwa vinakwenda mbio kuliko macho yetu. Wiki yake ya kwanza chumba cha mashine alimwona kifaranga ametoboa ganda na kutulia, huruma ikamshika, akambandua. Alilia hadi sisi wa chanjo tukaacha sindano mezani. Tulitegemea Mzee Plasta afoke, maana kwa jambo hilo huwa hana simile. Badala yake alikaa naye chini sakafuni, akamsimulia ya kwake, na jioni akaenda ofisini kuomba binti huyo ahamishiwe wodini. Wengine walisema uzee umeanza. Mimi nilimuuliza waziwazi, akanijibu, "Dada, umeona alivyolia? Huyo ndiye ninayemtaka."

Ikafika mwaka huu. Meneja wetu wa sasa, ambaye ni mtu wa haki hata anapokosea, alitangaza kwamba Mzee Plasta akiondoka wodi itakuwa stoo ya trei. Hoja yake haikuwa ya kubeza. Alisema hajawahi kuona wodi hiyo ikifanya kazi hata siku moja bila mwenyewe, na chumba kinachotegemea mtu mmoja huondoka na mtu huyo. Sijawahi kumwona Mzee Plasta amenyong'onyea kama siku ile. Alishika tama pale dirishani mwake hadi gari la wafanyakazi likapiga honi. Hakuwa akiomboleza kazi. Alikuwa anaiona ndoo inarudi.

Lakini yeye si mtu wa kufunga virago mapema. Kesho yake aliomba jambo moja: uanguaji wake wa mwisho usimamiwe na Haraka peke yake, na wodi ihukumiwe kwa uanguaji huo. Meneja akamuuliza yeye atakuwa wapi. Akajibu, "Mlangoni, mikono mfukoni." Meneja akakubali, akaongeza sharti lake: mkono ukitoka mara moja tu, trei zinaingia.

Kama kuna uanguaji ambao ungemshinda mtu, ni huo. Umeme ulikatika mara kwa mara siku za mwisho, jenereta ikawa inawaka na kuzimika, na unyevu kwenye mashine ukashuka. Mayai mengi yalitobolewa na vifaranga wakatulia tu. Sote tulikuwa roho mkononi. Tulimtazama Haraka, na Haraka alitazama trei, vidole vikimcheza. Kisha alitia mikono mfukoni. Alikaa hivyo, akazunguka trei hadi trei, akaongeza vyombo vya maji kwenye mashine ili unyevu upande, akarudisha mikono mfukoni. Waliobaki kimya alisubiri hadi alipojua damu imekwisha kwenye utando, akawasaidia kidogo kidogo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Hakuna hata mmoja aliyevuja damu.

Mlangoni mambo yalikuwa magumu zaidi. Mzee Plasta alisimama pale akitoka jasho. Mara moja kiwiko chake kilianza kupanda, daktari akakohoa kwa nguvu, kiwiko kikashuka. Mara nyingine aliletwa kifaranga aliyepanuka miguu kabisa, kitovu kiko wazi, macho yamefumba. Haraka alimweka mezani. Mzee Plasta alitikisa kichwa kwamba huyo aachwe, na hadi leo kituo kimegawanyika kama kutikisa kichwa kunahesabiwa au hakuhesabiwi. Kwa vyovyote vile, Haraka hakugeuka kumtazama. Alipaka ayodini, akakata plasta, akafunga miguu, akamchovya mdomo kwenye maji ya glukosi, akamweka pembeni ya boksi palipo na joto la wastani, chini ya balbu iliyoning'inia kwenye alama ya chaki.

Wodi haikuwaokoa wote, wala haijawahi. Wapo waliokufa, na Haraka aliwatoa mwenyewe bila kujificha. Ila maboksi yalijaa vifaranga wakavu wenye sauti. Meneja alipokuja kukagua siku ya tatu, yule wa kutikisiwa kichwa alikuwa amesimama. Alipiga hatua kuelekea kwenye maji, akapepesuka, akapiga nyingine, akanywa, akainua kichwa kama wanavyofanya wote ili maji yashuke. Meneja alichuchumaa kumtazama. Halafu akamgeukia mtunza stoo akasema, "Zile trei zitafutieni mahali pengine."

Tulipiga makofi hadi vifaranga wakatishika. Mzee Plasta peke yake hakupiga. Alisimama pale pale, machozi yanamtiririka, mikono bado iko ndani. Haraka alimwambia, "Baba, imekwisha, itoe." Akaitoa, akafuta uso, akatoa kwenye mkono wa shati lake roli la plasta alilokuwa analivaa kama bangili siku zote, akamvisha yeye. Shemeji anatuambia kwamba jioni ile alivuka barabara, akapanda gari na kufika nyumbani akiwa ameirudisha mikono mfukoni bila kujua.

Mzee wetu, tunakushukuru. Kila aliyekula yai la kantini amekula kazi yako, maana kuku wa banda la nyuma wote walipita mezani kwako wakiwa na plasta miguuni. Ulitufundisha kuwa na huruma na kuwa na subira kwa mpigo, jambo ambalo wengi wetu bado tunalihangaikia. Haraka ameomba niandike kwamba yuko sawa, na kwamba usipige simu kila asubuhi. Mara moja kwa wiki inatosha.

Siku ya sherehe utapewa koti. Limeshonwa na Shemeji kwa siri, usiku mmoja mmoja ulipokuwa unakoroma, na anasema haikuwa kazi ngumu kukuficha kwa jinsi unavyokoroma. Lina mifuko miwili mikubwa mbele, kama ile ya aproni, ila hii ina kitako, na imeshonwa mara mbili. Tulijadiliana sana tukutilie nini ndani, na mwisho tukakubaliana tusitie kitu. Nenda salama, ukaishi vizuri na kwa raha, na uijaze mwenyewe.