Miguu Iliyokataa Mkeka

Mwaka ule tulikula ming'oko. Mihogo ilikufa shambani, mtama ukabaki mabua, tukaingia porini kuichimba ile mizizi, tukaichemsha, tukaila asubuhi na jioni. Hata Bwana Shauri, Mwingereza wetu wa wilaya, alipita kijijini kwetu Kinjumbi akaonjeshwa. Alitafuna kwa heshima, akameza kwa shida. Mabinti mliokaa hapo mbele hamkuwa mmezaliwa, kwa hiyo nyamazeni msikilize. Nazungumza nimekaa, na kwa nini nimekaa mtajua.

Mwaka huo ndipo miguu yangu ilipoanza. Si maumivu, ndugu zangu. Maumivu nayajua, nimezaa. Hii ilikuwa kama siafu wanapita katikati ya mfupa. Nikisimama nikatembea, wanakwenda zao. Nikikaa, wamerudi. Jua likizama ndiyo wanakuja na ukoo wao wote. Nilikuwa nazunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mume wangu, Mungu amrehemu, alichukua mkeka wake akahamia ukumbini. "Nilioa mke," akasema, "sikuoa punda."

Siku moja tuko kwenye maulidi, wanawake tumebanana, mguu ukaruka wenyewe nikapiga teke chetezo. Makaa na ubani mkekani, watu wanakung'uta kanga. Jirani yangu mmoja, mdomo wake hauna mlango, akasema, "Huyo ana pepo wa ngoma. Mchezesheni atulie."

Nikamjibu, "Akicheza kwangu, atalala kwako."

Walicheka. Mimi nilikwenda nyumbani nikalia.

Nikaishi hivyo miaka, mpaka mjukuu wangu akaposwa. Kwetu bibi ndiye hukaa nyuma ya bibi harusi, amemwegemeza kifuani, watu wakimtunza mchana kutwa. Na mimi kukaa nilikuwa siwezi hata kumenya muhogo mmoja ukaisha. Lakini huyu binti hakutaka mwingine. Tunataniana sana, ananiita mke mwenza.

"Mke mwenzangu," akasema, "usipokaa nyuma yangu sitoki chumbani. Huyo bwana aoe mlango."

"Nitakupiga teke mbele ya wakwe."

"Basi twende ukatibiwe kabla hujaniaibisha."

Tukapanda lori, tumekaa juu ya magunia, yaani yeye kakaa na mimi nimesimama, mpaka hospitali ya masista. Sista mmoja wa Kizungu, Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika, akanivuta kope la chini. "Mama, ndani peupe. Damu huna." Akanipima. Halafu akauliza, "Unakula udongo?"

"Nani? Mimi?" nikasema, na kipande cha kichuguu kiko kwenye pindo la kanga. Mjukuu wangu akalitazama pindo, akacheka mpaka akashika ukuta.

Sista hakucheka. Akasema nina safura. Minyoo iliniingia kwa kutembea peku kwenye udongo mbichi, ikawa inaninyonya damu tumboni. Damu ikipungua, madini ya chuma yanapungua mwilini, na kuna watu miguu yao huhangaika namna ile. Hata tamaa ya udongo inatoka hukohuko. Nikanyweshwa dawa ya minyoo iliyoniyumbisha kama mlevi, nikapewa vidonge vya chuma vya kumezea nyumbani, nikaamriwa kula maini, dagaa na mboga za majani. Udongo nikautupa, na niliulilia.

Vidonge vile vinafanya choo kiwe cheusi kama lami. Nilitoka chooni nikaanza kuaga watu. "Hufi, mke mwenza," mjukuu akaniambia. "Sista alikuambia, wewe ulikuwa unawaza maini."

Siafu hawakuondoka siku moja. Walipungua polepole, kama watu wa msibani chakula kikiisha. Kisha jioni moja nimekaa nasuka ukili, giza likaniingilia, nikawa najiuliza ni kitu gani kimekosekana hapa. Sijasimama tangu alasiri. Nikaita nyumba nzima waje wanitazame nimekaa.

Siku ya harusi nilinyoosha miguu mkekani, bibi harusi kaniegemea, miguu imetulia kama si yangu. Jirani yule yule akanijia na jasho la ngoma: "Bibi, simama ucheze, mjukuu wako anaolewa."

Nikamwambia, "Sisimami. Nilisimama vya kutosha."

Namshukuru Mungu, namshukuru yule sista, na marehemu mume wangu aliyerudi chumbani na mkeka wake miguu ilipotulia. Zaidi namshukuru mke mwenzangu, ambaye sasa ana watoto na mateke yao. Nanyi mnaohangaika na miguu, msikimbilie pepo, wala msimeze vidonge vya mwenzenu. Miguu ya kila mtu ina sababu yake. Kapimweni damu kwanza. Na mkienda shamba vaeni makubazi.

Sasa Bi Mwenyekiti wa kikao chetu hiki ananinong'oneza nisimame mnipigie vigelegele. Pigeni tu. Sisimami. Nilisimama vya kutosha.