Mama Albertine na Uzito wa Vitu Vinavyotupwa

Tarehe 30 Juni Mama Albertine Ngoie Kabamba atakabidhi ufunguo wa chumba cha mzani, baada ya miaka kumi na tisa ya kazi katika ghala la Kivuko Mizigo hapa Guangzhou. Katika miaka hiyo hakuna kontena lililotoka mlangoni kwetu kwenda bandari ya Nansha kabla yeye hajaridhika na uzito wake. Wapo walioita huo ukaidi. Yeye aliuita kazi.

Alizaliwa Likasi, akasoma lugha Lubumbashi, kisha akafundisha Kifaransa na Kilatini katika shule ya sekondari hadi alipochoka, kwa maneno yake, kusahihisha kosa lilelile kila mwaka kwa watoto tofauti. Alifika China kununua viatu vya kwenda kuuza nyumbani. Bwana Erastus, mwenye kampuni, alimkuta kwenye kumbi za maonyesho za Pazhou akiwatafsiria wanunuzi watatu kwa mpigo, kila mmoja na hasira yake, bila kuwachanganya. Alimwomba aje asaidie kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo ndizo zinazoisha mwezi huu.

Asiyeijua kazi yetu aelezwe kwanza mazoea ya hapa. Mnunuzi wa nguo na viatu wa Kangle, mtaa wa masoko ya nguo hapa mjini, huuvua mzigo wake kabla ya kuupakia. Maboksi hutupwa, vitundikio vya nguo hutupwa, na viatu hushindiliwa kwenye gunia ili nafasi ipatikane. Kwa hiyo akiulizwa uzito hutaja wa bidhaa peke yake. Gunia lenyewe, mikanda ya kufungia, mbao za chini, vyote hivyo kwake havipo. Kwa Mama Albertine vilikuwepo, na alivipandisha juu ya mzani kimoja kimoja. Kanuni za usafiri wa baharini zilikuwa upande wake, maana uzito unaotangazwa sharti ujumlishe bidhaa, vifungashio na kontena lenyewe likiwa tupu.

Hata hivyo, hakuanza na kanuni. Mwalimu hafi ndani ya mtu, naye alianza na neno. Kwenye mlango wa kila kontena limeandikwa neno fupi la herufi nne, TARE, na pembeni yake uzito wa kontena tupu. Kila mteja mpya alisimamishwa mbele ya mlango huo apate historia yake, apende asipende.

Neno hilo, aliwaeleza, lilianzia kwa Waarabu, kwenye kitenzi chenye maana ya kutupa au kuondoa. Wafanyabiashara wa Bahari ya Kati walilichukua kama walivyochukua pilipili, kwa sababu walilihitaji. Waitaliano, Wahispania na Wareno wakasema tara, Waholanzi tarra, Wafaransa tare, nao Waingereza wakaliandika kama Wafaransa. Kote huko lilitaja uzito unaoondolewa ili ibaki bidhaa peke yake. Baada ya hapo kila taifa likalilea kivyake. Kwa Wafaransa likawa pia dosari, kwanza ya bidhaa, baadaye ya mtu na ukoo wake. Kwa Wareno likawa uchu unaomshika mtu asiachane na jambo. Warusi waliusahau uzito kabisa wakabaki na boksi, na hadi leo tara kwao ni kreti, chupa tupu, kifungashio chochote.

Waitaliano ndio aliowapenda zaidi. Wao husema habari ya mtu anayetia chumvi sana lazima ipunguziwe tara kwanza, ndipo uiamini. Mama Albertine aliomba wasifu huu nao upunguzwe vivyo hivyo, na umepunguzwa.

Mwaka jana utaratibu wake ulikaribia kufa. Mawakala jirani hawapimi mbao wala magunia. Ukiwauliza lolote jibu lao ni meiwenti, hakuna tabu, na wateja wanalipenda neno hilo kuliko historia ya tara. Baadhi walituhama. Bwana Erastus alimweleza Mama Albertine waziwazi kwamba angemheshimu hadi siku ya kustaafu, Desemba, lakini baada ya hapo ghala lingepima bidhaa peke yake kama wenzake. Mama Albertine aliomba abaki hadi Juni. Hakuomba kitu kingine, na hakuficha sababu. Alitaka kuondoka akiacha utaratibu huo ukiwa hai.

Mwezi Machi akaja Papa Patrice wa Kolwezi. Huyu ni mtu wa jeans, na kwa jeans hakuna wa kumfundisha. Safari hii alikuwa amenunua vigae vya sakafu kwa ajili ya ukumbi wa harusi anaoujenga kwao, na harusi ya kuufungua ilikuwa ya binti yake. Meli ilikuwa inaondoka baada ya siku mbili. Vigae vilikuja kwenye makasha ya mbao nzito, na Mama Albertine alianza kuyapima yote, hata mbao za akiba.

"Mama, hizo mbao hazina kitu ndani. Unapima vide, utupu?"

"Napima vide, Papa. Meli itaibeba hiyo vide."

Jumla ilipotoka, mzigo ulizidi kiwango cha kontena, na kilichouzidisha ni mbao. Patrice alitaja wakala wa mtaa wa pili ambaye angeupokea bila maneno. Mama Albertine alimwelekeza njia ya mkato ya kwenda huko.

Patrice hakwenda. Alifanya ambalo angefanya mnunuzi yeyote wa Kangle: aliuvua mzigo. Mama Albertine aliporudi kutoka ofisini alikuta vibarua wameshavunja makasha kadhaa kwa mitaimbo na vigae vimepangwa vitupu ukutani kama suruali dukani.

"Papa Patrice, jean ikidondoka unaikung'uta. Kigae kikidondoka utakung'uta nini?"

"Si wewe ulituambia hiyo tare yako maana yake ni kitu cha kutupa?"

"Cha kutupa ukifika. Na wewe hujafika."

Vibarua walicheka, na Patrice akacheka kwa kuchelewa kidogo. Kisha akakaa juu ya kasha na kusema kwa sauti ya chini kwamba akipunguza vigae, nusu ya ukumbi itabaki udongo, na binti yake hawezi kucheza harusi yake kwenye udongo.

Hapo ndipo utaratibu uliochukiwa ulipolipa. Kwa kuwa Mama Albertine alipima kila kitu cha kila mtu, alijua kilichokuwa ndani ya kontena la jirani. Lilikuwa la Élodie, muuza magauni wa Lubumbashi, lenye kwenda kwenye meli ileile na njia ileile. Lilikuwa limekaribia kujaa, lakini jepesi mno. Makasha yaliyozidi yangelala chini kabisa, magauni juu yake, na makontena yote mawili yangebaki ndani ya kiwango. Wakala anayekadiria kwa macho asingethubutu kushauri hivyo.

Élodie aliitwa. Alilitazama kasha, akamtazama na Patrice.

"Magauni yangu yalalie mawe ya Papa Patrice? Yakifika yamekunjamana, atayapiga pasi yeye."

"Nitapiga, Mama Élodie."

"Na huku ukipiga pasi utaimba wimbo?"

"Na wimbo."

Makubaliano yakawa hayo, pamoja na Patrice kutoa vibarua wa kushusha marobota na kuyapandisha upya. Makasha yaliyovunjwa yalipigiliwa misumari tena, Mama Albertine akiyapima upya kwa kuwa misumari nayo ina uzito. Jioni ya kesho yake makontena yote mawili yaliondoka kwenda Nansha. Mwezi Mei tulipokea picha za harusi. Sakafu inaonekana vizuri, na magauni mawili ya Élodie yamo.

Patrice hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliwaambia wenzake wa Kongo kwamba kwa Mama Albertine utagombana, lakini mzigo utafika. Waliotuhama walianza kurudi, si wote. Bwana Erastus hakusema kama amebadili uamuzi, wala Mama Albertine hakumuuliza. Alikuwa anamfundisha Maulida, mhitimu wa chuo kikuu hapa Guangzhou na mzaliwa wa Tanga, atakayeushika mzani baada yake.

Wiki iliyopita Bwana Erastus alileta mzigo wake binafsi, makochi ya kupeleka kwao Bukoba, na kutaja uzito alioandikiwa kiwandani. Maulida aliomba fremu za mbao na blanketi za kufungia zipande mzanini.

"Maulida, mwanangu, hizo ni zangu. Andika tu."

"Shikamoo, Bosi. Zipande."

Mama Albertine alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, na kikombe cha chai mkononi. Bwana Erastus aliwatazama wote wawili, akavua koti, akabeba fremu ya kwanza mwenyewe na kuiweka juu ya mzani. Alipomaliza alimwambia Maulida kwamba kuanzia Julai hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa kila mtu, na kwamba abandike tangazo la hilo mlangoni.

Mama Albertine, wafanyakazi wa Kivuko Mizigo tunakushukuru kwa kugombana nasi kwa uaminifu muda wote huo. Likasi ikupokee vizuri, wajukuu wakuchoshe kidogo, usingizi uwe mrefu, na siku zako za mbele ziwe njema bila kupunguziwa tara.