Viti Viwili vya Daktari Kang'ethe

Daktari Kang'ethe anastaafu tarehe 29 Novemba 2019, baada ya miaka ishirini na miwili ya kufundisha siasa hapa chuoni Braamfontein. Mimi Victorine, mpika chai wa idara kwa miaka kumi na saba, ndiye niliyeombwa kumwandikia. Shule niliachia darasa la nne, Bukavu. Atakayeona makosa anyamaze.

Somo lake lilikuwa namna watu wa Ulaya na Marekani wanavyobishana juu ya wageni. Aliweka viti viwili mbele ya darasa. Aliyekaa kushoto alitetea wanaosema taifa ni kama nyumba: mwenyewe huchagua wa kuingia, la sivyo mila zake zitapotea. Wa kulia alitetea wanaosema hakuna aliyechagua pa kuzaliwa, basi mlango usimfungie mtu. Nusu saa ikiisha, Daktari anapiga meza, wanabadilishana viti. Sasa tetea ulichokipinga! Nilisimama na birika langu nikiwacheka wanavyotoka jasho. Msichana mmoja, Tumu, alilia akikataa kuhama. Daktari akampa chai yangu, naye msichana akahama.

Mwezi wa tisa mwaka huu, maduka ya wageni yalipochomwa mjini, hakuna aliyekubali kuhama. Daktari alipiga meza mara tatu, kisha akawaruhusu waende. Chai ikapoa yote.

Ameandika vitabu vitatu, sijavisoma. Nilichosoma ni barua aliyoniandikia nilipoomba hati ya ukimbizi, na nyingine ya kumwombea Léocadie, msusi wa mtaa wa Yeoville. Yake mwenyewe, ya kuomba ukaazi wa kudumu, eish, hakuandika. Alihuisha kibali cha kazi tu, akidai mgeni mwenye adabu haombi ufunguo wa nyumba. Nilimgombeza mwaka 2015, nikamgombeza tena tulipomzika mkewe hapa hapa. Msomi mzima! Alipoomba kubaki, tayari alikuwa amechelewa. Mwezi uliopita wamemkatalia. Kazi inaisha, na kibali kinaisha nayo. Binti yake Maryanne, aliyezaliwa hapa, anayejua Kizulu kuliko Kikikuyu, anabaki peke yake mtaa wa Observatory.

Wiki iliyopita wanafunzi walimuuliza yeye angekalia kiti gani. Miaka yote hakuwahi kusema. Alibaki amesimama kati ya viti vyote viwili mpaka kipindi kikaisha.

Leo nimevipangusa viti vyote viwili. Chumba chake ameshapewa mtu mwingine.

Asante kwa ile barua, Daktari. Kwa ajili yake mimi nabaki, na wewe uliyeiandika unaondoka. Maisha mema tunakutakia, ila tulitaka uyaishi hapa.