Historia ya Bingwa Simoni Masunga, Pamoja na Ukurasa Tulioambiwa Tuuruke

Mchungaji, wazee wangu shikamooni, wakwe zetu kutoka Mabwerebwere, majirani wa Kimamba na ninyi mliotoka Mikumi tangu alfajiri, mimi ni Getrude Masunga, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kabla hatujamshusha kaburini. Nimeombwa mambo mawili kabla ya kusimama hapa, la kwanza niuruke ukurasa wa mwaka 2018, la pili nisilitamke neno bingwa, kwa kuwa chama cha ngumi kilimvua mkanda na kulifuta jina lake, na bwana mmoja wa chama hicho alinipigia simu, kwa upole kabisa, akasema wataleta shada la maua ila neno hilo lisitumike. Shada limefika, lile pale, tunashukuru. Neno nitalitumia, ukurasa nitausoma, na kama kuna aliyekuja kumzika mdanganyifu, avumilie kidogo hadi nimalize.

Marehemu Simoni Masunga Ngolo alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 wilayani Meatu, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Masunga Ngolo, huyu aliyeketi mbele yenu, na marehemu mama yetu Agness, aliyetutangulia mwaka 2012 kwa ugonjwa wa shinikizo la damu. Mwaka 1999, baada ya ukame kutumalizia mifugo, baba alihama na ng'ombe waliobaki, akaja kuomba ardhi hapa Kimamba, kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, na wenyeji wakatupokea, wengine kwa moyo mweupe, wengine kwa kununa, lakini wakatupokea.

Alisoma Shule ya Msingi Kimamba kuanzia mwaka 2000 hadi 2006 alipomaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea na masomo, na nyumbani hakuna aliyeshangaa, maana walimu walimfahamu zaidi kwa kupigana kuliko kwa hesabu, ingawa aliyepigana naye asubuhi mchana walikula naye muhogo mmoja.

Hapa lazima niseme jinsi tulivyolelewa, kwa sababu bila hilo hamtaelewa mbele. Zahanati ilikuwa mbali, wakati wa masika njia yote ni tope, na baba alikuwa na sanduku la bati la dawa za mifugo, kwa hiyo mtoto akiteguka mguu au akivimba jino, baba alichemsha sindano, akavuta dawa ileile anayompa dume aliyeteguka, akatuchoma kipimo cha ndama, kwa maelezo kwamba mtu si ng'ombe. Sote sita tumechomwa, sote tulipona, na kila mmoja wetu ana kovu lake. Namwona daktari pale anatikisa kichwa, na ana haki ya kutikisa.

Mwaka 2008 marehemu aliacha kuchunga, akaenda Mikumi kujifunza ufundi wa matairi ya malori pale barabara kuu, na ni kwa kupigilia matairi hayo kwa nyundo, mkono huu na mkono ule, kutwa nzima, ndipo alipopata mabega yale mliyokuwa mkiyashangaa. Pambano lake la kwanza la ngumi lilikuwa Kilosa mjini tarehe 12 Juni 2010, akapigwa vibaya, akarudi kwenye matairi akiwa amefumba jicho moja, akiwaambia wateja kwamba yule mwenzake naye anaumwa mkono. Hakuacha, aliendelea kupigana mwaka hadi mwaka mpaka akafika kugombea ubingwa.

Tarehe 5 Julai 2014 alifunga ndoa na Agatha, binti wa Mzee Gabrieli wa Mabwerebwere, na Mungu akawajalia watoto wawili, Agness aliyezaliwa mwaka 2015 na Goodluck aliyezaliwa tarehe 11 Februari 2019.

Sasa nafika kwenye ukurasa wenyewe. Tarehe 25 Septemba 2018, ikiwa zimebaki siku nne kabla ya pambano la ubingwa, Simoni alikuja hapa nyumbani kumsalimia baba na kuombewa heri, kifundo cha mkono wa kulia kikiwa kimevimba kwa mazoezi, baba akakiona, akamkalisha kwenye kigoda, akafungua sanduku la bati. Kipimo cha ndama. Simoni hakuuliza, kwa sababu hakuna mtoto katika nyumba hii aliyewahi kuuliza. Tarehe 29, mjini Morogoro, alimlaza Ashrafu Hussein katika raundi ya nane, akavikwa mkanda wa uzito wa welta, na siku aliporudi Mikumi malori yalipiga honi tangu hifadhini hadi stendi.

Mwezi Novemba majibu ya mkojo aliopimwa baada ya pambano yalitoka, na ndani yake kulikuwa na dawa iliyokatazwa michezoni. Hatukatai, dawa ilikuwemo. Marehemu aliitwa Dar es Salaam, akaelezwa ni dawa gani, na hapo hapo akajua imetoka wapi, akaulizwa ni nani aliyemchoma, akaambiwa kwamba akimtaja adhabu itapungua, naye akajibu kwamba amechomwa na mtu anayemheshimu na jina halitoki. Wakamfungia miaka minne na mkanda wakampa Ashrafu. Mimi nilimsihi ajitetee, akanijibu maneno ambayo sijayasahau, "Dada, baba alinichoma kwa kunipenda, leo nikampeleke kwa watu wa ofisini wamuulize maswali kama mwizi?" Akatuapisha, mimi na mkewe, tusimwambie mtu, hata baba mwenyewe.

Goodluck alizaliwa wiki ileile adhabu ilipotangazwa, na baba yake akampa jina hilo makusudi, ili kila anayelitaja akumbuke kwamba nyumba ile haikulia.

Yaliyofuata wengine wenu mnayajua kwa sababu mliyafanya. Picha yake iliondolewa ukutani kwenye hoteli aliyokuwa akila bure mwezi mmoja tu nyuma, stendi wakambatiza jina la Bwana Sindano, na mwenye gereji akamwambia asirudi kazini, kwa hiyo mwaka 2019 na 2020 bingwa wetu alikata miwa iliyochomwa moto kwenye mashamba ya Ruhembe, masizi hadi kwenye kope, na mwaka 2021 akafungua kijiwe chake mwenyewe cha matairi Mikumi. Wale wa Bwana Sindano wakipata pancha aliwazibia, akawatoza bei ya kila mtu.

La kuumiza kuliko yote lilitokea hapa hapa nyumbani, maana baba, ambaye hakujua kwamba dawa ya sanduku lake ndiyo iliyokatazwa, aliamini mwanawe alinunua dawa hizo mjini, akamwita mbele ya wajomba na kumwambia amelitia ukoo aibu, na Simoni akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, baba." Aliomba msamaha kwa sindano ya baba yake. Nilikuwepo, nilitamani ardhi ipasuke, na ninawauliza ninyi mnaoujua mchezo wa ngumi, kuna pambano gani zito kuliko hilo?

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na shinikizo la damu, ugonjwa uleule wa mama, na Januari mwaka huu figo zikaanza kushindwa, akatibiwa Mikumi, kisha Kilosa, kisha Morogoro alikokuwa akisafishwa damu, hadi Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa nne asubuhi, alipofariki dunia akiwa na umri wa miaka thelathini na minne. Nimesikia minong'ono hapa msibani kwamba zile dawa ndizo zimemuua, na madaktari wametueleza waziwazi kwamba ni shinikizo la damu lililokaa muda mrefu bila kutibiwa, basi mnong'ono huo uishie kwenye mikeka mliyokalia.

Juzi Jumatatu, wazee walipokaa kupanga mazishi, mjomba wetu alisema, "Hapo kwenye mambo ya dawa paruke, mama, tusimvue nguo marehemu," na baba akajibu, "Asomwe kama alivyo, alinitia aibu lakini ni mwanangu, nitamzika." Agatha alikuwa anawapa wazee maji ya kunawa. Akaliweka chini beseni, akapiga magoti mbele ya mkwewe, akasema, "Baba, ile sindano ilikuwa yako."

Baba alitoka akaelekea zizini, tukamwacha, na aliporudi alikuwa na sanduku la bati mkononi, akaliweka katikati ya wazee, akaniambia, "Getrude, andika. Andika ni mimi, na usome kwa sauti." Nimeandika, nimesoma. Namwomba mwakilishi wa chama aliyeleta shada apeleke salamu hizo huko ofisini, hatudai mkanda, hatudai fidia, tunachosema ni kwamba jina la aliyechoma mlilolitaka miaka saba iliyopita ni Masunga Ngolo, mfugaji wa Kimamba, na ameketi pale.

Ashrafu Hussein naye yupo, amekuja kwa pikipiki kutoka Morogoro, na atakuwa miongoni mwa watakaobeba jeneza. Mkanda hakuja nao wala hatukumwomba, lakini amenipa ruhusa niyasome maneno yake, "Dada, mkono uliovimba ulikuwa wa kulia, mimi nililazwa na wa kushoto, na wa kushoto haukuwa na ugonjwa." Kama sindano ilimsaidia au haikumsaidia mimi sijui, wenye vipimo wabishane, ila aliyepigwa amesema kapigwa, na fundi ameshalipaka rangi neno BINGWA kwenye msalaba, rangi ya mafuta, haifutiki kwa mvua wala kwa barua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mikumi, Kilosa na Morogoro, majirani mliolala nasi nje siku zote hizi, mafundi matairi wa Mikumi mliofunga kazi leo, wakata miwa wa Ruhembe mliochanga kuni na unga, mchungaji na kwaya, na chama cha ngumi kwa shada lao.

Baba ameomba udongo wa kwanza atie yeye, kwa mkono uleule uliokuchoma. Hukumtaja, Simoni, walikuuliza wakakuadhibu na hukumtaja, leo amejitaja mwenyewe. Kazi yako imekwisha, mdogo wangu. Pumzika sasa kwa amani, bingwa.